Mkate wa Delamere

"Bila Delamere ungekula nini?" rafiki yangu aliniuliza tukila mkate kibandani. Nikakwama. Kweli, mzungu huyo alipewa ekari 100,000 Njoro mwaka 1903. Ng'ombe wakamfia, ngano ikaliwa na kutu, naye akang'ang'ana tu mpaka ikakubali. Lakini Wamaasai walitolewa Bonde la Ufa 1904, kisha Laikipia kati ya 1911 na 1913. Na jamaa, eti, aliwapenda! Wachungaji wake walikuwa Wamaasai. Upendo gani huo, msomaji, unaokaa juu ya malisho ya mpendwa? Uhuru ulipokuja 1963 sanamu yake iling'olewa Nairobi, ikapelekwa Soysambu, shambani kwake. Kung'oa sanamu ni rahisi. "Jasho lake nitalishukuru," nikamjibu, "ardhi haikuwa yake kutoa." Akaagiza chai nyingine.