Je, Yafaa Kuficha Ugonjwa wa Ukoo?



Sisi tukaao Tarime na Serengeti twajua desturi ya wazee wetu: kabla ya ng'ombe kutolewa, nyumba moja huuliza habari za nyumba ya pili. Kwa hiyo mama akifa kwa saratani ya titi, kama alivyokufa dada yake, watu wa nyumbani hunyamaza, wapate kuwaoza binti zao. Je, kimya hiki ni haki?

Kwanza tuyajue mambo yenyewe. Katika wagonjwa 100 wa saratani ya titi, wapatao 5 hadi 10 tu ndio walioipata kwa urithi. Lakini ziko jamaa ambazo hatari imo damuni mwao. Mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, alichunguza jamaa za namna hiyo, na mwaka 1990 akaonyesha mahali pa jeni irithishayo hatari hiyo. Mwaka 1994 jeni yenyewe, BRCA1, ikatambuliwa. Mwaka 1995 ikafuata BRCA2. Mzazi akiwa na kasoro hiyo, kila mtoto wake aweza kuirithi au kutoirithi, nusu kwa nusu. Wala si kila airithiye huugua.

Tena mzazi huyo aweza kuwa baba. Sisi humlaumu mama, tukisema ameleta mkosi nyumbani, kumbe hatari yaweza kupita kwa baba asiyeugua kamwe. Basi habari za shangazi zapasa kuulizwa sawa na za mama mdogo.

Wala damu haifuati ng'ombe. Katika nyumba ntobhu, mwanamke humwoa mwanamke mwenziwe kwa mahari, na mtoto azaliwaye ni wa nyumba ile. Mwanamume aliyemzaa mara nyingi hatajwi. Desturi yamhesabu mtoto kwa ng'ombe, bali ugonjwa wamhesabu kwa damu. Binti huyo akiulizwa na daktari habari za upande wa baba, atajibu nini? Hatusemi haya ili kumwaibisha mtu. Twasema, mama amwambie kwa faragha alijualo.

Wengine watajibu, "Tukifunua, binti zetu hawataolewa." Neno hili si dogo, wala hatulidharau. Lakini tunyamazapo, heshima ni ya nyumba, na alipaye ni binti. Saratani ionekanayo mapema hutibika vema zaidi. Ajuaye habari za ukoo wake aweza kwenda hospitali mapema, hata Bugando kule Mwanza. Asiyejua hungoja mpaka titi limekuwa donda.

Basi twaona hivi: habari hii ni mali ya wale wa damu ile, wana kwa binti. Waambiwe wote. Si mali ya soko, wala katekista aliyeisikia asiitangaze. Mchumba naye aambiwe na binti mwenyewe, si na jirani. Naye asiifanye fimbo, kwa maana hakuna ukoo usio na mzigo wake.

Wanafunzi walipomwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, Bwana aliwakatalia yote mawili (Yohana 9). Kama ugonjwa si hukumu, kuutaja si kujishtaki. Na bibi zetu wangali hai. Tuwaulize kabla hawajaondoka na majina.