Kumwona Mtu kwa Furaha

Kila taifa lina neno lake la mapendo. Mwenye Kilingala husema: nalingi yo. Waflama wa Ubelgiji husema: ik zie u graag, maana yake, ninakuona kwa furaha.

Padri Damiano alizaliwa kwao, kijijini Tremelo, mwaka 1840. Akatumwa mbali, visiwa vya Hawaii, akajifunza lugha ya wenyeji. Hao husema aloha, nalo ni salamu, tena ni mapendo.

Mwaka 1873 akaenda Molokai, walikotengwa wenye ukoma. Watu waliogopa hata kuwatazama. Yeye aliwaona kwa furaha: akawafunga vidonda, akala nao bakuli moja, akawachongea majeneza kwa mikono yake. Mkatekumeni humwambia Mungu kila siku kwamba anampenda; je, mgonjwa wa jirani humtazama namna gani?

Katika mahubiri Padri hakusema “ndugu zangu”, bali “sisi wenye ukoma”, naye alikuwa mzima bado. Mwaka 1884 ukoma ukajulikana mwilini mwake. Akakaa nao hata kufa kwake mwaka 1889, wala hakuwa na haja ya kubadili neno.