Maji Matupu

Kuna mtu hapa Kigali aliyeamka leo na azimio: siku tatu, maji matupu. Chai ya maziwa inapita mezani, mandazi yananukia, naye ameshika glasi yake ya maji.

Je, inafaa? Mwili huanza kwa kutumia sukari iliyowekwa akiba kwenye ini. Baada ya takriban siku moja akiba hiyo huisha, nao hugeukia mafuta. Mizani hushuka upesi, lakini sehemu kubwa ya kilo za mwanzo ni maji tu, na misuli nayo huliwa. Mwenye kisukari anayetumia dawa, au mama mjamzito, asithubutu bila daktari.

Kuna njia nyingine: tangu 2016 Kigali ina Jumapili zisizo na magari. Watu hukimbia barabarani, kisha hupimwa sukari na shinikizo la damu bila malipo. Anzia hapo, kabla hujasukuma sahani pembeni. Huenda ukaambiwa upunguze sukari kwenye chai na uzidishe kutembea, na hilo utaliweza mwaka mzima.