Rafu ya Taipureta Tatu

Rafu yangu hapa Eldoret inabeba taipureta tatu ndogo za kubebeka, na ya nne siitaki. Niipendayo zaidi ni Olivetti Lettera 22, iliyosanifiwa na Marcello Nizzoli na kutoka mwaka 1950: haifiki kilo 4, unapanda nayo matatu bila taabu.

Ukienda kununua kuukuu, usidanganywe na rangi. Omba karatasi, upige: ng'ombe ameng'ang'ania ng'ambo. Herufi q na x Kiswahili hakizihitaji, lakini ritifaa ikikwama, rudisha mashine kwa mwenyewe. Kisha papasa rola. Mpira uliokauka ukawa kama jiwe huacha karatasi iteleze na nukta zitoboe. Utepe mkavu usikutishe, huo hubadilishwa.

Nilikua nikiusikia mlio wa taipureta nje ya mahakama, wapiga chapa wakiandika hati za viapo, na mwenye shida amesimama kando akiyatazama maneno yake yakigeuka karatasi. Ndiyo sababu kila Jumapili naandika barua kwa moja ya hizi tatu, kwa zamu. Taipureta isiyoguswa, mafuta yake huganda.