Mwenye Kiu na Nyota

Je, mwenye kiu ana haki ya kutazama nyota? Nimelitafakari swali hili tangu niliposoma habari za darubini ya redio iliyokusudiwa kujengwa Namibia, juu ya mlima Gamsberg, zaidi ya meta 2,300 kutoka usawa wa bahari. Mradi huo ni wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi pamoja na Chuo Kikuu cha Namibia.

Darubini ya namna hii haina tundu la kuchungulia. Ni sahani kubwa, yenye upana wa meta 15, inayopokea mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita moja hivi. Mawimbi hayo humezwa na mvuke ulioko hewani, kwa hiyo hutafutwa mlima mrefu katika nchi kavu. Kwetu Mpanda masika yangeiziba masikio. Ukame unaomliza mkulima ndio unaomfaa mwanafalaki.

Nilipomsimulia jirani yangu, alicheka. "Mzee mwenzangu, kisima chetu kinakauka kila kiangazi, nao wanatafuta mashimo mbinguni!"

Hoja yake ni nzito, lakini inadhani kwamba fedha isiyokwenda kwenye nyota itakuja kisimani. Tumeishi miaka mingi bila darubini, na kisima bado kinakauka.

Tena, wazee wetu hawakungoja washibe ndipo watazame juu. Kilimia, lile kundi la nyota, limepewa jina kutokana na kulima. Mwenye njaa ndiye aliyekitazama kwa makini zaidi.

Mwezi Aprili 2017 darubini za Marekani, Meksiko, Chile na Hispania ziliungana kutazama shimo jeusi katika galaksi ya M87, ambayo nuru yake husafiri miaka milioni 55 hivi kutufikia. Hakuna hata moja ambayo ingeweza kuipata picha ile peke yake. Ilipotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, Afrika ilikuwa mtazamaji tu, kwa kuwa haikuwa na sahani katika kazi ile.

Kwa hiyo najibu kwamba haki anayo. Ila nina hofu moja, nami naitoa hapa Mpanda. Reli yetu itokayo Kaliua ilijengwa wakati wa Mwingereza ili kubeba madini ya risasi. Mlima ulikuwa wetu, faida ikapanda behewa. Elimu nayo yaweza kuchimbwa hivyo hivyo: mlima wa Mwafrika, jina la mwingine. Nimefurahi kusoma kwamba mradi wa Namibia umepeleka hema la kuonyeshea nyota mashuleni hata kabla ya sahani kusimama. Mtoto aliyeingia humo ana sehemu yake.

Jirani yangu aendelee kudai kisima, nami nitadai pamoja naye. Lakini tusikubali kuambiwa kwamba maskini lazima achague kati ya maji na mbingu, wakati wengine hawaulizwi kamwe.