Ujira wa Mlembe

Leo twataka kusema juu ya ndege mdogo wa rangi ya majivu, ambaye wengi wetu katika miji ya pwani twala mchumo wake wala hatumjui hata kwa jina. Naye ni mlembe.

Wanunuao asali ya Kibwezi kando ya barabara ya Nairobi wajua kuwa Kitui na Makueni ni nchi ya nyuki. Wakamba hutundika mizinga ya magogo mitini; lakini wako pia nyuki wa mwituni wakaao ndani ya miti na majabali, na hao ndio kazi ya mlembe. Humwendea mtu, akalia mbele yake kama mwenye kusihi, akaruka mti mmoja, akangoja, akaruka wa pili, hata amfikishe penye nyuki. Mtu huwasha moshi, akapasua mti, akatwaa asali. Ndege hula majana na nta.

Naam, nta, kitu ambacho matumbo ya ndege wengi hayakiwezi. Padre mmoja wa Kireno aliyekaa Sofala katika karne ya 16, João dos Santos, aliandika kuwa ndege hawa walikuwa wakiingia kanisani kuidonoa mishumaa.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Kenya, Hussein Isack, na mwenziwe Heinz-Ulrich Reyer, walitangaza waliyoyapima kwa Waborana wa kaskazini: asiye na ndege hutafuta karibu saa 9 ndipo apate nyuki, na mwenye ndege hutafuta saa 3 na kitu. Ni nani aliyemsomesha? Mama yake hutaga katika kiota cha keremkerem au ndege mwingine, akaenda zake. Wala mlezi huyo hajui habari ya kuongoza watu. Wasomao Sura ya Nahl wamjua aliyempa nyuki ilhamu, na Mola ni mmoja. Lakini hatutaki kumfanya mlembe walii: kinda wake hutoka yaini ana kulabu mdomoni, akawauma makinda ya mwenye nyumba mpaka wafe.

Sasa twaja kwenye neno lililotushikisha kalamu. Wako warina asali, kama Wayao wa Niassa huko Msumbiji, wamwekeao ndege sehemu yake ya nta. Nao wako, kama Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao wameonekana wakiyaficha au kuyachoma masega yaliyosalia, ili ndege abaki na njaa apate kuwaongoza tena. Husemwa pengi kuwa asiyemlipa mlembe atapelekwa kwa nyoka au simba siku ya pili. Hizo ni khofu zisizo na asili, na amlipaye kwa kumwogopa nyoka hakumlipa ndege.

Wala tusiwacheke watu wa porini. Twamjua tajiri mmoja wa mji wetu, asiyekosa safu ya kwanza, mwenye kijana wa kazi aliyetoka Mwingi. Kila mwezi humpa nusu ya mshahara, na nusu akamwambia ngoja. Tulipomwuliza alitujibu bila ya haya: "Nikimlipa yote ataondoka." Hii ndiyo ile hesabu ya kuificha nta, ila mlembe hula na wadudu wengine, tena ana mbawa. Yule kijana hana hata nauli ya basi ya kwenda kumzika baba yake, na baba amekwisha kuzikwa.

Hayo tulimwambia, akanyamaza. Anadaiwa nusu za miezi 7. Tumeagana naye kuwa Ijumaa baada ya sala tutakwenda nyumbani kwake, na kijana awepo.