Faini kwa anayebisha

Mwaka 1727, mjini Philadelphia, kijana mpiga chapa Benjamin Franklin aliwakusanya wenzake, kadhaa wao mafundi, wakaunda chama cha mazungumzo walichokiita Junto. Walikutana Ijumaa jioni. Kila mmoja kwa zamu alileta maswali ya maadili, siasa au elimu ya maumbile, yakajadiliwa chini ya mwenyekiti. Kanuni ninayoipenda kuliko zote ilikuja baadaye: kushikilia kauli kana kwamba huwezi kukosea, au kumkatalia mwenzako papo hapo, kulitozwa faini ndogo.

Vijiwe vyetu vya kahawa vimejaa watu wenye akili na habari; kinachokosekana mara nyingi ni nafasi ya mtu kumaliza anachosema. Chukua mfano huu: je, ni haki kumwondoa machinga barabarani kabla hajapewa pa kwenda? Swali hilo linastahili jioni nzima, tena machinga mwenyewe awepo, na mwenye duka anayelipa pango awepo. Mkikaa barazani leo, mteueni wa kuongoza, na kabla hujampinga mwenzako, ieleze kwanza hoja yake mpaka akubali kuwa umemwelewa.